Kasha Halifichwi Bila Hodi: Maelezo Kuhusu Mchezo wa Jiokashingi na Taratibu Zake

Miongoni mwa wageni wanaovitembelea visiwa vyetu wamo wachache ambao mwenendo wao huwatatanisha wenyeji. Mgeni huonekana amesimama kichochoroni, simu mkononi, akihesabu hatua. Mara huinama, hupapasa chini ya baraza, hutoa kikopo kidogo, huandika kitu juu ya karatasi, hukirejesha kikopo mahali pake na kwenda zake. Mwenye kuyaona hayo anaweza kudhani kuwa mtu huyo ni mwizi, au mpelelezi, au mchawi anayetega. Aghlabu si lolote katika hayo. Mtu huyo anacheza mchezo uitwao jiokashingi, yaani mchezo wa kusaka makasha yaliyofichwa kwa kuongozwa na setilaiti.

Madhumuni ya maelezo haya ni kuwafahamisha wananchi, masheha, watembezaji wageni na vijana wanaopenda kusafiri mchezo huu ni kitu gani, una kanuni gani, na vipi msafiri aupange ili usimletee madhara yeye wala wenyeji wake.

ASILI YA MCHEZO

Mchezo wenyewe una umri mdogo. Serikali ya Marekani, ambayo ndiyo inayomiliki setilaiti za GPS, ilikuwa ikizipotosha kwa makusudi ishara zinazotolewa kwa raia, hata chombo cha mtu wa kawaida kikaweza kukosea kwa kiasi cha mita 100. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei, 2000, upotoshaji huo ulisimamishwa kwa amri ya Rais Bill Clinton, na vyombo vikawa na usahihi mkubwa zaidi. Siku ya pili yake, tarehe 3 Mei, Bwana Dave Ulmer aliifukia nusu ya ndoo nyeusi ya plastiki msituni, karibu na Beavercreek katika Jimbo la Oregon. Ndani yake alitia vitabu, programu za kompyuta, vitu vingine vidogo vidogo na kopo la maharage, kisha akawatangazia wenzake kwa intaneti nambari za mahali hapo. Sharti lake lilikuwa fupi: chukua kitu, acha kitu. Baada ya siku chache tu Bwana Mike Teague aliipata ndoo hiyo na kuandika jina lake.

Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Bwana Jeremy Irish alifungua daftari la mchezo katika intaneti, ambalo makao yake ni mji wa Seattle, na ambalo hadi leo ndilo kubwa kuliko yote. Hivi sasa makasha yaliyoandikishwa humo duniani kote yanazidi milioni 3.

Hata hivyo, fikra yenyewe ni ya zamani zaidi. Mnamo mwaka 1854 mtembezaji wageni mmoja wa Uingereza, James Perrott, aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, katika nyika za Dartmoor, ili kila mgeni atakayefika huko kwa miguu aache kadi yenye jina lake. Kwa hivyo aliyeianzisha kazi hii alikuwa mtu wa utalii, aliyeijua ardhi yake na aliyekuwepo hapo kulitunza alilolianzisha. Jambo hili tutalirejea.

JINSI UNAVYOCHEZWA

Mwenye kasha hulificha mahali, hupima latitudo na longitudo ya mahali hapo, na huziandikisha nambari hizo katika daftari la mchezo. Msakaji huzichukua nambari, huzitia katika simu au katika chombo chake cha GPS, na huanza safari. Akilipata kasha huandika jina na tarehe kwenye karatasi iliyomo ndani, hulirejesha kama alivyolikuta, kisha hutoa taarifa katika daftari. Kasha huweza kuwa dogo kama kofia ya kalamu, au kopo, au ndoo nzima. Kila moja hupewa daraja mbili, kuanzia 1 hadi 5: ya kwanza ni ya ugumu wa kulitafuta, na ya pili ni ya ugumu wa njia.

Wavuvi na manahodha watalielewa hesabu lake kwa wepesi. Mji Mkongwe wa Zanzibar upo kusini ya Ikweta kwa digrii 6 na dakika zipatazo 10, na mashariki ya Greenwich kwa digrii 39 na dakika zipatazo 11. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, yaani mita 1,852. Wachezaji huigawa dakika hiyo mafungu 1,000, na kila fungu huwa halifiki mita mbili. Lakini mtu asidanganyike na wembamba wa hesabu hiyo. Chombo chenyewe hukosea kwa mita kadhaa, na katika vichochoro vyenye kuta ndefu hukosea zaidi, kwa sababu ishara hugonga ukuta kabla ya kukifikia. Mita kumi za kukosea, msituni ni mti wa pili. Mjini ni nyumba ya mtu mwengine. Ndipo inapolazimu kuwe na kanuni.

KANUNI ZA KUFICHA

Inafaa izingatiwe kwamba ile ndoo ya kwanza isingekubaliwa leo, kwani ilifukiwa ardhini na ilikuwa na chakula, na mambo yote mawili yamekatazwa. Kanuni za mchezo huu zimetokana na makosa yaliyotendeka na kusahihishwa. Kabla ya kasha kutangazwa, mkagua wa kujitolea huyatazama maelezo yake, naye huweza kulikataa. Zilizo muhimu katika kanuni hizo ni hizi zifuatazo:

(a) Ruhusa. Mwenye kuficha awe amepata idhini ya mwenye mahali, ikiwa ni mtu, taasisi au Serikali.

(b) Kutoharibu. Hairuhusiwi kuchimba shimo la kufukia kasha, kutoboa mti au ukuta, kupiga msumari, kupaka rangi wala kuvunja jiwe.

(c) Masafa. Baina ya kasha na kasha jengine pawe na mita zisizopungua 161, ambayo ni sehemu ya kumi ya maili. Sababu yake ni kuzuia mahali pamoja pasigeuke uwanja wa makopo.

(d) Mahali pasipofaa. Kasha halifichwi katika eneo la skuli, kambi za jeshi, viwanja vya ndege, wala penginepo ambapo mtu anayepapasa huku na kule atawatia watu hofu.

(e) Vilivyokatazwa ndani yake. Visiwekwe chakula, ulevi, tumbaku, dawa, silaha, viberiti wala kitu chochote cha kuripuka. Chakula huwaita panya, kima na siafu, na kasha lililotafunwa halina tena kazi.

(f) Alama. Juu ya kasha paandikwe kwa uwazi kuwa ni kasha la mchezo, pamoja na njia ya kumpata mwenyewe. Inapowezekana, kasha liwe la kuonesha kilichomo ndani.

(g) Matunzo. Mwenye kasha awe anaweza kulifikia kulikagua, kubadilisha karatasi iliyorowa na kuliondoa litakapoharibika au litakapolalamikiwa.

Umuhimu wa kanuni ya (f) ulidhihirika katika mji mdogo wa Wetherby, Uingereza, mwezi wa Julai, 2011. Mtu mmoja alionekana akikishughulikia kikasha karibu na mkahawa, mwenyeji akaingiwa na shaka, polisi wakaitwa. Barabara ilifungwa, wataalamu wa mabomu wa jeshi walifika, na kikasha kikaripuliwa. Kilikuwa kikasha cha mchezo. Hakuna aliyetenda uovu siku ile: mchezaji alicheza, mwenyeji alitahadhari, polisi walitimiza wajibu wao. Kilichokosekana ni mtu mmoja tu kumwambia mwengine mapema.

SIRI NI KWA WAPITA NJIA, SI KWA MWENYE MAHALI

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo wengi hulikosea. Kwa kuwa mchezo ni wa siri, mtu hudhani kuwa siri hiyo ni juu ya kila asiyecheza. Sivyo. Mchezo unamtaka msakaji asionekane na wapita njia, ili kasha lisiibiwe wala lisichezewe. Haumtaki mfichaji amfiche mwenye nyumba, mwenye shamba, sheha au msimamizi wa hifadhi. Kwetu sisi mtu hapiti uani mwa jirani bila kupiga hodi, hata kama haja yake ni kuokota mpira wa mtoto. Kuweka kitu katika ukuta wa mtu na kuwaalika walimwengu waje kukitafuta ni zaidi ya kupita uani.

Idhini, vilevile, haiombwi kwa maneno ya juu juu. Mwenye kuombwa aelezwe kwamba wageni asiowajua watakuja saa mbalimbali, kwamba baadhi yao watakosea na kugusa pasipohusika, na kwamba anao uwezo wa kuiondoa ruhusa yake siku yoyote. Akikubali baada ya kuyajua hayo, idhini yake ni ya kweli.

KASHA LA MGENI ANAYEONDOKA

Kanuni ya (g) ndiyo inayotuhusu zaidi sisi watu wa visiwa vya utalii. Mgeni hupendezwa na ufukwe, huacha kasha chini ya mkoko, hupanda ndege na kurudi kwao. Baada ya masika mawili kifuniko kimepasuka, karatasi imeoza, maji ya bamvua yamelichukua kopo na kulitupa kwenye matumbawe. Lililokuwa kasha sasa ni taka, na mwenyewe yupo umbali wa maelfu ya maili. Kwa sababu hiyo daftari la mchezo halikubali makasha yanayofichwa na watu wa matembezini, isipokuwa mgeni awe amempata mwenyeji aliyeridhia kulitunza, na mwenyeji huyo ajulikane kwa mkagua.

Watembezaji wageni na vijana wa vijijini wanaoombwa kazi hiyo wanashauriwa wasiipokee kwa haya. Kulitunza kasha ni amana. Mwenye kulikubali ajue kuwa atalitembelea mara kwa mara, hasa baada ya mvua, na kuwa lawama za majirani zitamfika yeye kabla ya kumfika aliyeko ng'ambo. Asiyeweza aseme mapema kuwa hawezi.

Lipo pia suala la plastiki. Wachezaji wengi huitia karatasi katika kimfuko chenye zipu ili isirowe. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, na Tanzania Bara ilifuata kuanzia tarehe 1 Juni, 2019. Tangazo la Bara liliwaachia wasafiri vimfuko vyenye zipu vya kubebea vyombo vyao vya kuogea, kwa matarajio kuwa wataondoka navyo na hawatavitupa nchini. Kukiacha kimfuko hicho ndani ya kasha ni kwenda kinyume na maana ya ruhusa hiyo. Chombo chenye kifuniko madhubuti na penseli badala ya kalamu ya wino hutosha.

ADABU ZA MSAKAJI

Msakaji naye ana wajibu wake, nao unakusanyika katika mambo matano:

Kwanza, akichukua kitu ndani ya kasha aache chenye thamani sawa au zaidi. Asiyekuwa na cha kuacha aandike jina tu, inatosha. Pili, baadhi ya vitu hubeba nambari maalumu na hukusudiwa kusafiri kutoka kasha hadi kasha. Hivyo si zawadi, ni amana, na mwenye kukichukua hukipeleka mbele. Tatu, kasha lirejeshwe pale pale lilipokuwa, wala lisisogezwe kwa kudhani kuwa papya ni pazuri zaidi. Nne, taarifa ya msakaji iwe ya kweli: kama hakulipata aseme hakulipata, kwani kwa maneno hayo mwenyewe hujua kuwa kuna haja ya kwenda kutazama. Tano, akiulizwa na mwenyeji anafanya nini, ajibu kwa upole na ukweli. Salamu iliyotolewa mapema huondoa shaka nyingi.

Ipo pia desturi njema ambayo wachezaji wameidumisha tangu mwaka 2002, ya kukusanyika na kuokota taka katika njia wanazozipita. Desturi hiyo inastahiki kuigwa hata na wasiocheza.

KUPANGA USAKAJI SAFARINI

Msafiri asiyepanga hupoteza siku nzima kwa kopo lisilokuwepo. Yampasa, kabla ya kuondoka, achague makasha machache yaliyo katika njia yake, na atazame ni lini mara ya mwisho kila moja lilipatikana. Kasha ambalo wasakaji wanne mfululizo wamelikosa huenda limeshapotea. Maelezo na ramani aviweke kabisa ndani ya simu, kwani mtandao hauko kila pahala, na achukue betri ya akiba, kwa kuwa kutafuta setilaiti hula umeme mwingi.

Azijue pia sheria za nchi anayoiendea. Zipo nchi, India ikiwa mojawapo, ambazo huzuia vyombo vinavyotuma ujumbe kwa setilaiti bila ya kibali, na msafiri anaweza kuzuiwa uwanja wa ndege kwa chombo alichokibeba kwa ajili ya usalama wake.

Daraja ya njia isidharauliwe. Mwezi wa Juni, 2018, wasakaji waliokuwa ndani ya mfereji wa chini ya ardhi mjini Prague walighafilishwa na maji ya mvua ya ghafla, na mauti yakatokea. Hakuna kasha lenye thamani ya roho. Mtu asiingie pangoni, mtaroni wala majini peke yake, na aache habari nyumbani au hotelini ya wapi anakwenda na saa ngapi atarudi.

Kwa anayekuja visiwani kwetu, kalenda ya maji ni muhimu kuliko ramani. Wakati wa bamvua tofauti baina ya maji kupwa na maji kujaa hufika karibu mita 4. Mwamba uliofikiwa kwa miguu asubuhi huwa umezungukwa na maji adhuhuri. Jua huzama baina ya saa 12 na saa 1 za magharibi mwaka mzima, na giza huingia kwa haraka. Mavazi ya ufukweni yabaki ufukweni, na karibu na misikiti nyakati za sala pasiwe na mtu wa kupapasa kuta.

MAHALI PA KUHIFADHIWA

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, mwaka ule ule uliozaliwa mchezo huu. Majumba yake yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta uliochakaa huonesha mianya mingi ambayo kwa macho ya msakaji kila mmoja ni maficho. Jiwe likivutwa, chokaa humwagika, maji ya mvua huingia, na ukuta huendelea kufa kwa ndani. Kuanguka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Disemba, 2020, ambako kuliondoa uhai wa watu wawili, kunatukumbusha kuwa majengo haya si ya kupandwa wala kuchokolewa. Makaburi, magofu na mapango ambayo watu wa kijiji wanayaheshimu yamo katika hukumu hiyo hiyo. Na katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, wanamoishi kima punju, kitu kilichoachwa chini huokotwa na mnyama kabla ya mtu.

Mchezo wenyewe umetoa njia ya kuziheshimu sehemu hizo bila ya kuwanyima wageni furaha yao. Ya kwanza ni kasha la ardhi, lililobuniwa pamoja na Jumuiya ya Jiolojia ya Marekani na kuanza mwaka 2004. Hili halina kopo: mgeni hufika, huyatazama mawe, hujibu maswali juu ya namna yalivyofanyika, na huondoka mikono mitupu. Visiwa vyenye mapango ya matumbawe vina mengi ya kufundisha kwa njia hiyo. Ya pili ni kasha la hatua nyingi. Mgeni husimama barabarani, husoma mwaka wa Hijria uliochongwa juu ya mlango wa zamani, huuingiza mwaka huo katika hesabu aliyopewa, na jawabu humwelekeza kwenye kasha lililopo pengine, kwa mfano katika bustani ya hoteli iliyotoa ruhusa. Mlango umesomwa, haukuguswa.

MWANANCHI AKIKUTA KASHA

Mwananchi atakayekuta kopo lenye alama ya mchezo anaombwa asilichukue na asilitupe. Ikiwa limewekwa katika mali yake bila ya idhini, anayo haki ya kutaka liondolewe, na anwani iliyoandikwa juu yake ndiyo njia ya kufanya hivyo. Asiyekuwa na intaneti amwombe sheha au kijana wa karibu amsaidie. Lakini kitu kisicho na alama, kilichofungwa na kisichoonesha kilichomo, kisiguswe hata kidogo. Watoto waondoshwe, na habari ifikishwe kwa sheha na kituo cha polisi. Bora kikopo cha mchezo kiripuliwe bure kuliko mtu mmoja apoteze mkono wake kwa kudhani ni mchezo.

Mchezo huu si mbaya. Huwatembeza watu kwa miguu, huwafikisha vijijini ambako mabasi ya watalii hayasimami, na humfanya mgeni alitazame jiwe au mlango ambao angeupita. Manufaa hayo hupatikana pale tu mfichaji anapokuwa na mambo mawili: ruhusa ya mwenye mahali, na uwezo wa kurudi kukitunza alichokiacha. Mwenye kuyakosa mawili hayo alibebe kasha lake aende nalo. Mwenye kuwa nayo apige hodi, naye atakaribishwa.